Mfuko wa Koti na Pindo la Kanga: Vyombo vya Kuchukulia Muziki, kutoka Santuri hadi Kiredio cha Nakwa

Wahenga wametuachia neno: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Neno hili tumezoea kulisema kwa ndoa na kwa ujirani. Mimi leo nataka kulisema kwa chombo cha muziki. Chombo tunakisifu kwa macho, kwa wembamba wake, mng'aro wake na jina lililoandikwa ubavuni, lakini nafuu yake haijulikani dukani. Anayeijua ni yule anayelala nacho na kuamka nacho, anayekibeba njiani, na anayetoa fedha kila kinapokwisha nguvu.

Haya nilijifunza mbali na bahari, Nakwa, katika mji wa Babati, mkoani Manyara. Dada yangu aliolewa huko, nami nikatoka Unguja kwenda kumzuru wakati wa kupalilia, mahindi na mbaazi zikiwa zimeoteshwa pamoja katika shamba moja kama ilivyo desturi ya upande ule, na mlima Kwaraa umejifunika ukungu hadi saa nne za asubuhi. Wakwe zake ni Wagorowa. Lugha yao ya nyumbani ni ya jamii ya Kikushi, ndugu wa Kiiraki, na Kiswahili wanakizungumza kwa utulivu, kama mtu anayekichagua neno kwa neno.

Nyumba ile ilikuwa na vyombo vitatu vya muziki. Mzee, baba mkwe wa dada yangu, alikuwa na redio kaseti kubwa yenye mkono wa kubebea, ya miaka mingi, mlango wake wa kanda umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kijana wa mwisho alikuwa na simu na visikizi vya masikioni tuviitavyo hedifoni. Dada yangu alikuwa na kiredio kidogo chenye tundu la flashi na la memori kadi, alichokuwa akikitundika mtini shambani. Nilikaa nao mwezi mzima, na katika mwezi ule niliona miaka tisini ya historia ya muziki wa kubeba imekusanyika chini ya paa moja. Ili msomaji aione nami, hatuna budi kurudi kwanza pwani, kwenye santuri.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kuimba mbele ya vyombo vya kampuni ya His Master's Voice. Sahani zake zilirudi Afrika Mashariki na kuenea, na kwa mara ya kwanza sauti ya mwimbaji wa Kiswahili iliweza kuchukuliwa kama mzigo. Kinanda cha santuri cha wakati ule kilikuwa na namna yake ya kubebwa: sanduku lenye mkono, mfano wa sanduku la safari, ambalo hukufunguliwa kifuniko, likatiwa ufunguo wa kuzungushia, likajazwa nguvu kwa mkono. Hakikuhitaji umeme wala mawe. Kwa hesabu hiyo kilikuwa chombo huru kuliko vingi vilivyokifuata. Lakini kilikuwa kizito, kilitaka meza iliyotulia, sindano yake ilitaka kubadilishwa mara kwa mara, na sahani ikianguka ilivunjika kama kaure.

Kasoro yake kubwa, kwa sisi tunaopenda mashairi, ilikuwa nyingine. Upande mmoja wa sahani ya inchi kumi ulichukua dakika tatu au zaidi kidogo. Wimbo wa taarab, ukiimbwa mbele ya watu, hauna haja na dakika tatu. Kuna utangulizi wa ala, kuna beti, kuna kiitikio, kuna mtu anayenyanyuka kwenda kutunza, na mwimbaji akamrudia ubeti kwa sababu anajua ubeti ule umemgusa nani. Katika sahani mambo hayo yote yalipunguzwa. Tunaposikiliza santuri za zamani na kudhani kwamba wazee wetu walipenda nyimbo fupi, tunakosea. Ufupi ule ulikuwa wa chombo.

Hata hivyo santuri ilikuwa na adabu moja: haikuweza kusikilizwa na mtu peke yake. Wenye nacho kinanda walikuwa wachache, na wasio nacho walikuwa wengi waliokaa karibu. Sauti ilitoka dirishani ikamkuta mpita njia, na mpita njia akaketi.

Hatua ya pili ilikuwa ya transista. Kabla yake redio ilikuwa samani ya nyumba, yenye taa za kioo ndani yake zilizokuwa zikila umeme na kutoa joto. Mwaka 1954 ilitolewa Marekani redio ya kwanza ya transista kuuzwa kwa watu wote, Regency TR-1. Mwaka 1957 kampuni ya Sony ya Japani ikatoa yake, TR-63, ikaitangaza kuwa ni redio ya kutia mfukoni. Husimuliwa kwamba ilizidi kidogo mfuko wa shati la kawaida, na wauzaji wakashonewa mashati yenye mifuko mikubwa zaidi ili maneno ya tangazo yapate kuwa kweli. Naomba msomaji aushike mfuko huu, kwani tutaurudia.

Kwetu transista ilifika pamoja na mambo mengine makubwa. Sauti ya Unguja ilikuwa imeanza kurusha matangazo mwaka 1951, na baada ya Uhuru na Mapinduzi redio ikawa sauti ya dola mpya na pia sauti ya washairi. Katika Radio Tanzania kipindi cha Malenga Wetu kiliwafanya watu wa bara ambao hawakuwahi kukaa kwenye baraza ya pwani wazijue bahari za ushairi kwa sikio. Katika miaka ya 1960 ilianzishwa Dar es Salaam kazi ya kutengeneza betri za National, na betri zile kubwa, ambazo wengi wetu twaziita mawe, zikapatikana hata katika duka la mwisho la njia ya vumbi. Mzee wa Nakwa alinihadithia jinsi walivyokuwa wakiyaanika mawe juani ili yapate kufufuka kwa taarifa ya habari ya jioni. Vijana waliokuwapo walicheka. Yeye hakucheka.

"Mwanangu," aliniambia, "jiwe lilikuwa fedha. Ukiwasha redio ulikuwa unakula fedha. Kwa hiyo hukuiwasha bila kuwaita watu."

Sasa tuje kwenye kanda. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilionyesha huko Berlin kanda ndogo iliyofungwa ndani ya kijumba chake na mashine ya kuichezea. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa mhandisi Lou Ottens, aliyefariki mwaka 2021. Inajulikana juu yake kwamba kabla ya kuchora chochote alichonga kipande cha mti kilichoingia katika mfuko wa koti lake, akasema mashine isizidi hapo. Hivyo ndivyo kipimo cha muziki wa dunia kilivyowekwa: mfuko wa koti la mwanamume wa Ulaya.

Sisemi hivi kwa kejeli. Ottens alifanya jambo la busara: alianza na mwili wa mtu badala ya kuanza na mashine. Lakini kila mwili una nguo zake. Mwanamume wa pwani ana mfuko wa kanzu, nao ni mwembamba, na kitu kizito huivuta kanzu upande mmoja hadi ikachukiza. Na mama je? Kanga haina mfuko. Kanga ina pindo, ambalo hufungwa fundo la sarafu na ufunguo, na halikushonwa kwa ajili ya kubeba mashine. Kwa hiyo chombo kilichoitwa cha mfukoni kilikuwa tangu mwanzo chombo cha mwenye mfuko. Asiye na mfuko alihitaji kitu kingine: mkono wa kushikia, au kitanzi cha kutundikia.

Ndiyo maana, naona mimi, kwetu kanda haikushinda kwa udogo wa mashine yake. Ilishinda kwa sababu tatu nyingine. Kwanza, ilikubali kunakiliwa. Kwa santuri mtu alinunua kilichorekodiwa Bombay au London. Kwa kanda aliweza kurekodi harusi ya jirani yake usiku na kuwa nayo asubuhi. Mombasa duka la Mbwana Radio Service lilijenga jina lake kwa kurekodi na kuuza taarab ya waimbaji wa mji ule, na Unguja kila mtaa ulikuwa na mtu aliyejulikana kwa kanda zake. Pili, ilikubali urefu. Kanda ya dakika sitini ilichukua nusu saa kila upande, na ya dakika tisini ilichukua dakika arubaini na tano. Wimbo ukarudi kuwa na urefu wa ukumbini, hata taarab ya kisasa ya miaka ya 1990 ikatunga nyimbo za robo saa na zaidi, ambazo katika sahani ya Siti zisingeingia hata nusu. Tatu, ilivumilia. Ikianguka haikuvunjika, na ikinaswa mtu aliifungua skurubu, akaikata utepe wake, akaiunga kwa gundi, na wimbo ukaendelea ukiwa umepungukiwa neno moja tu. Kuirudisha nyuma tuliizungusha kwa kalamu ya Bic iliyotiwa katika tundu lake, ili kuyahurumia mawe.

Redio kaseti kubwa ilikuwa chombo cha namna hiyo. Ilikula mawe makubwa sita au manane, ilikuwa nzito kama mtoto wa mwaka, lakini ilikuwa na mkono. Ilifungwa nyuma ya baiskeli, ikashushwa penye watu, ikawekwa katikati. Vitufe vyake vilikuwa vikubwa kama funguo za kinanda, mtu akavibonyeza kwa kidole chenye unga au udongo bila kuangalia. Mwenye kuilaumu kwa uzito wake hakuwahi kuona ilivyobebwa: ilibebwa kwa zamu.

Tarehe 1 Julai 1979 Sony iliuza Japani kitu kilichogeuza mambo, Walkman. Kilikuwa na uzito wa gramu 390 hivi, kikaendeshwa kwa mawe mawili madogo. Hakikuweza kurekodi wala hakikuwa na spika. Sauti ilipita katika hedifoni za gramu 50 tu, wakati ambapo hedifoni za kawaida zilikuwa na gramu 300 au 400. Kwa wepesi, hakuna kilichokikaribia.

Lakini Walkman ya kwanza ina jambo ambalo wengi wameshalisahau. Ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni. Akio Morita, mkuu wa Sony, alisimulia kwamba alipokijaribu kile chombo nyumbani mkewe alichukizwa, kwani alijiona amefungiwa nje. Morita akaona ni utovu wa adabu mtu kusikiliza peke yake, akaagiza liongezwe tundu la pili, pamoja na kitufe cha rangi ya chungwa ambacho kikibonyezwa hushusha muziki na kufungua kipaza sauti kidogo, ili wasikilizaji wawili wazungumze bila kuvua hedifoni. Baadaye ikaonekana kwamba wanunuzi hawakuvitaka. Kila mmoja alitaka chake. Kitufe kikaondolewa katika matoleo yaliyofuata, na tundu la pili nalo likaja kutoweka.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1984 Sony ikatoa mashine ya kubeba ya kuchezea CD, ambayo ukitembea nayo kwa haraka wimbo uliruka. Mwaka 2001 Apple ikatoa iPod, ya gramu 184, iliyodaiwa kubeba nyimbo elfu moja mfukoni. Tazama, mfuko tena. Ilikuwa na gurudumu la kidole lililofanya kutafuta wimbo mmoja kati ya elfu kuwe kazi ya nukta chache, na hilo lilikuwa jambo jipya kweli. Lakini haikuwa na spika, haikuwa na redio, na haikuingiza wimbo bila kompyuta. Kisha simu ikameza kila kitu. Mwaka 2016 Apple ikatoa simu isiyo na tundu la hedifoni kabisa, na wengi wakaifuata, na mwaka 2022 ikatangaza mwisho wa iPod. Matundu mawili, tundu moja, bila tundu: hiyo ndiyo historia ya miaka arubaini ya kusikiliza, kwa hesabu ya matundu.

Turudi Nakwa. Nilivipima vile vyombo vitatu kwa mizani ya pale. Simu ya kijana ilikuwa nzuri kwa mengi, na haifai kudharauliwa. Usiku, watoto wamelala, aliweza kusikiliza bila kumwamsha mtu. Akinipa hedifoni niliusikia mpapaso wa kidole juu ya uzi wa udi, kitu ambacho spika ndogo hukiua. Na katika nyumba yenye watu wengi, pembe ya peke yako ni neema. Lakini mikono yenye udongo haiwezi kukibonyeza kioo kisicho na vitufe, na ilipofika adhuhuri simu ilikuwa imekwisha nguvu, nayo ndiyo iliyohitajika kwa salamu na fedha. Muziki ukakatizwa ili simu ipate kuwa simu.

Kiredio cha dada yangu hakina jina la kujivunia. Kimekwangukakwanguka, sauti yake ni nyembamba, na besi hakina. Lakini kina kitanzi. Kina betri ya kuchomoa, ya namna ile ya simu za zamani, ambayo mtu anaweza kuwa nayo ya pili iliyojaa. Kina vitufe vinavyojulikana kwa kidole. Memori kadi yake, ndogo kuliko ukucha, ina nyimbo nyingi kuliko makabati yote ya kanda niliyowahi kuyaona, na kazi ya kuziingiza hufanywa kibandani mjini kwa fedha kidogo. Nilimwona dada akikitundika katika tawi, akapalilia mistari mitatu akielekea mbali nacho na mistari mitatu akikirudia, na wanawake wa shamba la pili wakapunguza maneno yao ili wasikie. Kwa mwenye kanga na jembe, hicho ndicho chombo cha kubeba. Mti ndio mfuko wake.

Nilikuwa nimechukua kutoka nyumbani kanda moja, harusi ya Ng'ambo ya miaka ya 1980, ambamo marehemu shangazi yetu anaimba shairi alilolitunga mwenyewe, juu ya kisima kilichochimbwa na mmoja na kutekwa na mwingine. Nilitaka dada awe nayo. Redio kaseti ya mzee ndiyo pekee iliyoweza kuisoma. Kijana akaunganisha waya kutoka redio hadi simu, akairekodi, kisha akaihamishia kwenye memori kadi. Alipomaliza aliisikiliza kwa hedifoni kutoka mwanzo hadi mwisho, akavua, akasema, "Nzuri, mjomba." Nami nikaridhika, nikadhani kazi imekwisha.

Jioni ile dada alikiweka kiredio juu ya kigoda mlangoni. Shangazi alipofika kwenye kisima, mzee aliinua mkono tusimamishe. Aliuliza kisima kile kilikuwa cha nani. Dada akasema si kisima, ni mume. Jirani akasema hapana, ni mtoto aliyelelewa na wengine. Mzee akasema kwao visima viligombewa kweli, tena wakati wa kiangazi, na kwamba mwenye kuimba vile lazima aliwahi kubeba ndoo. Tukaurudia ubeti. Tukaurudia tena. Mimi niliyekua na shairi lile, niliyedhani ninalijua, nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba mwimbaji hasemi nani aliyekosa, anauliza tu. Na kijana, aliyekuwa amelisikia lote peke yake mchana, na kwa sauti safi kuliko yetu, akasogeza kigoda chake karibu.

Fumbo halikutungwa kwa sikio moja. Limetungwa ili mmoja alisikie hivi na mwingine vile, wabishane, na katika ubishi ule maana izaliwe. Mkuu wa kampuni ya Japani aliliona jambo hili kwa kuuona uso wa mkewe, akatoboa tundu la pili, na soko likaliziba. Bibi zetu hawakuhitaji kulitoboa, kwa kuwa santuri haikuwa na tundu lolote. Sisi tuna uchaguzi ambao wao hawakuwa nao, na kwa hiyo tuna jukumu ambalo wao hawakuwa nalo.

Simshauri mtu avitupe visikizi vyake. Ninaloomba ni dogo. Wenye kanda majumbani wazihamishe sasa, kabla utepe haujashikana na mashine za kuzisoma hazijamalizika, kwani katika mitaa yetu kuna harusi na tenzi ambazo haziko mahali pengine popote. Na wakishazihamisha, wasizifungie sikioni. Wanunue chombo chenye spika, hata kiwe cha bei ya chini na sauti nyembamba, wakiweke mahali ambapo jirani anaweza kuuliza, "Hapo kasema nini?"

Nilipoondoka Nakwa kanda niliiacha kwa mzee, kwa kuwa ndiye mwenye mashine. Memori kadi ilibaki kwa dada, katika kiredio chake. Siku za mvua, anaponikumbuka, hunipigia simu, na nyuma ya sauti yake ninamsikia shangazi akiuliza juu ya kisima, na mtu mwingine, ambaye sauti yake siijui, akimjibu.